Ukuta wa Povu wa Priska

Fomu ya maonyesho ya sayansi iliyogongwa muhuri Ijumaa, tarehe 12 Julai 2024, ina jina la Priska Mshana, miaka ishirini na sita, fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Same. Muda wa saa tatu kabla ya muhuri huo kugongwa, Priska alikuwa amepiga magoti sakafuni, akiutazama utando wake wa maji ya sabuni ukipasuka kwa mara ya kumi na tisa.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Juu ya kabati kuna ndoo yenye koki. Kwenye koki zinaning'inia nyuzi mbili za nailoni, zile za wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, zimetanuliwa upana wa kiganja na kuvutwa chini kwa jiwe la mizani. Maji ya sabuni yakiteremka kati ya nyuzi, yanatakiwa kufanya utando mmoja, mrefu kuliko mtu na mwembamba kuliko unywele. Chomeka penseli katikati, utaona maji yanavyoikwepa.

Asubuhi hiyo utando haukufika hata robo ya njia.

"Waamuzi wanaingia saa nne," alisema mkuu wa shule, Mwalimu Paschal, akiwa mlangoni. "Tunapeleka kifaa kimoja tu kwenye maonyesho ya kanda. Saa tatu na nusu nikikuta nyuzi kavu, meza nawapa watu wa kemia."

Alipoondoka, Tausi, mpishi wa shule, akaingia kudai ndoo yake. Akachungulia ndani. Mabonge meupe yalikuwa yakielea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya maji umechota wapi?"

"Bombani. Nimekwangulia sabuni ya mche. Kwetu Ugweno ndiyo tunayofulia, povu mpaka linamwagika."

Tausi alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Mwana wa mlimani wewe! Kwenu mnafulia maji ya mtoni. Haya ni ya kisima, yana chumvi, yanakula sabuni kabla ya nguo. Miaka miwili Same hujafua?"

"Nafulia ya unga."

"Ndiyo maana!"

Priska alijipiga paji la uso. Wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alikuwa amewapangia wanafunzi mirija ya majaribio ya maji magumu, yale yasiyotoa povu.

"Mama, lile tangi la mvua..."

"Yamebaki ya chai ya wageni."

"Nusu ndoo tu."

"Na wageni wanywe nini?"

"Ya kisima."

Tausi alimtazama, akazitazama nyuzi, kisha akatoa ufunguo kwenye kanga. "Mkuu akiuliza, sikuwepo."

Saa tatu na dakika ishirini na tano, ndoo ikiwa na maji ya mvua na sabuni mpya, Priska alifunga madirisha kuzuia upepo, akalowesha vidole, akazitanua nyuzi. Utando ukashuka, ukapita kiuno chake, ukagota chini. Haukupasuka! Kijani na zambarau vilikimbizana juu yake kama mafuta kwenye dimbwi. Mwalimu Paschal alikuja, akatazama, akaenda kuwapokea waamuzi.

Mwamuzi aliyefika aliitwa Rogath, mtu wa maneno machache. Priska alichomeka penseli iliyoloweshwa. Chini yake ulitokea mkia mmoja wa maji, umenyooka kama rula.

"Ni huo tu?" aliuliza Rogath.

"Subiri, mzee." Akafungua koki kidogo. Mkia ukatikisika. Akafungua tena. Ghafla ukaanza kuyumba kushoto, kulia, na kila ulipoyumba ulidondosha kisulisuli kidogo cha maji, kimoja upande huu, kimoja upande ule, safu mbili zikiteremka kwa mpangilio ambao hakuna aliyeuchora.

"Nani anayaambia maji yapishane?" Rogath alikuwa ameinama hadi pua ikakaribia utando.

"Hakuna, mzee! Ni mwendo wenyewe. Yakienda polepole yanatulia, yakizidi kasi hayawezi tena kunyooka."

"Rudisha polepole."

Akarudisha. Mkia ukanyooka. Rogath akafungua koki kwa mkono wake, akafunga, akafungua, mara nne, huku chai yake ikipoa mezani.

Kisha akaomba muhuri. Jumatatu, tarehe 5 Agosti, Priska anakipeleka kifaa hicho Moshi, kwenye maonyesho ya kanda.