Wimbo wa Besi

Walikuwa vijana wanne waliovaa sare na kuchezesha mabega kwa pamoja, na mashabiki waliopiga kelele mbele ya jukwaa walikuwa wakimwita yeye, Chiriku. Miaka sita ikaenda hivyo. Alipowaambia wenzake kwamba anataka kuimba peke yake, hakuna aliyemnunia. Besi, mwenye sauti nzito kuliko wote, aliyekuwa pia fundi cherehani, alimpa wimbo wa kuanzia. Aliutunga baada ya kumzika baba yake. Akajitolea na kumshonea suti ya uzinduzi.

Siku tatu kabla ya uzinduzi, Chiriku alialikwa redioni. Mtangazaji aliusifu wimbo mpaka basi, akakiri kwamba ulimtoa machozi, kisha akauliza umetungwa na nani.

"Ni mimi," Chiriku akasema.

Neno lilimponyoka. Angeweza kulirudisha palepale, lakini mtangazaji alishampa pole ya kufiwa na baba, naye akaipokea kwa sauti ya chini. Hajafika hata mlangoni, simu ikaita. Alikuwa baba yake, mzima wa afya.

"Mwanangu," mzee akauliza, "nimekufa lini?"

Jioni hiyo alitakiwa akajaribu suti. Redio ya Besi ilikuwa ikiimba kwenye rafu ya vitambaa. Besi alimvisha koti, akamgeuza huku na huku, pini amezibana midomoni, akamchora chaki mgongoni. Chiriku alikwepa kioo. Akaanza kubwabwaja kwamba mambo ya redio yanakwenda mbio, mtu hujikuta amesema asichokusudia.

Besi akatoa pini mdomoni. "Nilimwita mama aje asikilize," alisema. "Nilimwambia leo watamtaja mzee."

Kisha akainama kupima pindo la suruali.

Uzinduzi ulifana. Ukumbi ulijaa, watu wakapiga makofi, na Chiriku akayasikia yote shavuni. Kesho yake alimpigia mtangazaji ili asahihishe, akajibiwa kwamba hilo limeshapita. Basi akasubiri kipindi cha salamu, akapanga foleni ya simu kama msikilizaji yeyote. Zamu yake ilipofika alisema wimbo ule ni wa Besi, aliyezikwa ni baba yake Besi, na kwamba yeye alidanganya. Mtangazaji wa kipindi hicho akaguna, akamwuliza anamsalimia nani. Chiriku akakata simu. Akaingia msikilizaji mwingine, akamsalimia shangazi yake.

Mama yake Besi alimtumia Chiriku ujumbe: "Nimesikia, mwanangu." Kila anapousoma masikio humwaka moto, kwa sababu ya hilo neno la mwisho.

Besi mwenyewe hajalizungumzia jambo la redioni hadi leo. Wakikutana husalimiana, hata hutaniana kidogo. Ila wimbo mwingine hajampa, na Chiriku hana uso wa kuomba.