Samadi ya Uwanja wa Bwana

Kabla ya kazi yenyewe nianze na baba. Sotoka ilipopita kijijini kwetu Ihembe ilimaliza ng'ombe wetu wote, na baba akaendelea kufagia zizi tupu kila asubuhi. Mama akamuuliza, "Mwenzangu, unafagia nini?" Akajibu, "Nyamaza." Siku moja akaokota pande la mwisho la mavi makavu, akaliweka darini juu ya jiko. Likakaa huko miaka. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Mtu aliyelelewa hivyo mpe kazi yoyote, usimpe ya kutupa mavi ya ng'ombe.

Nami nikapewa hiyo hiyo. Nilikwisha oa, nina kibanja, yaani migomba inayozunguka nyumba, ila migomba yenyewe ilikuwa myembamba kama mimi. Bwana Mdachi wa boma alikuwa na uwanja wa majani mafupi mbele ya nyumba. Ng'ombe wa maziwa walipita hapo asubuhi, wasiruhusiwe kula hata unyasi. Majani hayo alikuwa akiyaweka ya nini, sijui mpaka leo.

Siku ya kwanza nilimwamkia Mnyapara, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani. "Marahaba," akasema, "shika ufagio." Akanifundisha. Mavi ya mbuzi hufagiwa. Ya ng'ombe usiyaguse mabichi. Ngoja jua liyatie ngozi, pitisha gamba la mgomba chini yake, uyanyanyue mazima. Ya mbwa, chimba pamoja na udongo wake. Yote yatupwe korongoni kabla Bwana hajanywa kahawa.

Ya mbwa nilitupa. Ya ng'ombe mkono ulikataa. Nikawa nayalundika nyuma ya maua, jioni najaza kikapu, napeleka kibanjani. Misimu miwili hivyo. Migomba ikanenepa, na mke wangu pia, nisiseme uongo.

Ndipo akaja mgeni wa Bwana mwenye viatu vyeupe, akapenda kunusa maua. Alizama mpaka kwenye soksi.

Bwana hakupiga kelele. "Hamsa ishirini," akasema. Ni viboko ishirini na vitano, na niliwahi kumwona mtu aliyevipata akilala kifudifudi mwezi mzima. Mgeni akabadili viatu, wakaondoka kuwinda upande wa Bugomora. Mimi nikaambiwa ningoje jioni.

Mnyapara akanijia. "Mjinga wewe! Nilikwambia korongoni."

"Mzee, yale ni ya ng'ombe mzima, anapumua. Nitamtupaje?"

Akanitazama sana. "Na ndizi alizoniletea mkeo juzi?"

"Ndizo hizo hizo."

"Astaghfirullah. Na nilikula mbili-mbili." Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akachukua birika la udhu. "Nakwenda kuswali. Nikimaliza, sitajua nani yupo na nani hayupo."

Nilisikia baadaye kwamba alimwambia Bwana nimevuka mto Kagera, nje ya mkono wake. Hakuna aliyenifuata. Leo mimi ni mzee, mgongo wangu hauna kovu, na ninyi wajukuu mnakula ndizi za shina lile lile. Kazi nzuri nimezifanya nyingi baadaye. Iliyonipa raha kuliko zote ni kuiacha hiyo ya samadi.

Maana siku ile, Mnyapara alipogeuka tu, nililaza ufagio chini. Kikapu kilikuwa kimejaa; nikajitwika. Nikapita katikati ya majani yale ya Bwana, polepole, nikashika njia ya Ihembe. Sikurudi.