Waya Juu ya Ukuta

Mgeni aliposhuka Ipogolo kutafuta chumba alichopanga, alimkuta mwenye nyumba, Sakerbanu, akifunga masanduku. Mjane huyu aliuza betri za sola Iringa miaka mingi. Sasa binti yake, Tasneem, alikuwa amemwita wakaishi wote Australia.

“Kule umeme ukipungua, kampuni huchota kidogo kidogo kwenye betri za maelfu ya nyumba, zikawa kama mtambo mmoja,” Sakerbanu alimwambia mgeni. “Tasneem anauza umeme wake bila kumjua anayeununua.”

“Ujerumani nimeona ukiuzwa mnadani, bei ikipanda na kushuka mchana kutwa,” mgeni akasema. “Na hapa?”

Sakerbanu akamwonyesha waya uliotoka kwenye betri yake ukavuka ukuta. Kila umeme ulipokatika, aliwasha swichi, na taa ya kuwapa joto vifaranga wa jirani yake Faustina ikawaka. Faustina alilipa kwa maboga na utani.

“Mama Tasneem, ningekuletea ulanzi, ila dini imekunyima raha!”

“Kunywa mwenyewe, mlevi wangu wa Kilutheri!”

Nani kule Australia angemtania hivyo?

Jioni, Sakerbanu akiwa ameshaingia kwenye bajaji aanze safari, umeme ukakatika.

“Mama Tasneem, vifaranga!” Faustina aliita ng’ambo ya ukuta.

Mguu wa Sakerbanu ulikuwa umekwisha kugusa chini. Dereva akapiga honi. Mgeni, funguo mkononi, akakimbilia swichi, akaiwasha.

“Asante, Mama Tasneem!”

“Haya, mlevi wangu,” Sakerbanu akaitikia taratibu, bajaji ikiondoka.