Mtoto Aliyelilia Jina Mbele ya Kamera

Watu wa sinema walikuja kwetu Mwisenge kutafuta mtoto mchanga wa kuazima, na mimi wangu alikuwa na miezi mitatu. Sinema yenyewe ya kuchekesha: binti wa saluni anaenda hospitali kutibiwa gesi tumboni, anarudi na mtoto. Nilipoisikia hiyo stori nilikasirika. Mimi nilijua nina mimba ikiwa imeshafika miezi sita, na sikumbuki aliyecheka. Lakini nikakubali, maana nilitaka angalau siku moja mtu mwingine ambebe.

Mwanangu hakuwa na jina. Kwetu jina linatoka upande wa baba, na hao walikuwa "wanakuja" tangu anazaliwa. Wako Bunda, siyo Ulaya! Nyumbani tulimwitaga "huyu" tu.

Tukaanza kurekodi, sebuleni kwenye nyumba moja ya hapo mtaani. Dairekta kila akisema "Aksheni!" mtoto analia. Binti anayeigiza mama yake kamshika kama sinia la vikombe.

"Dada, kichwa! Shika kichwa!"

"Mama mtoto, usiingie kwenye picha," dairekta akanikemea.

"Basi mwambie asimwage mwanangu!"

Bibi wa kwenye sinema alikuwa mama mmoja wa Butiama, muuza ndizi, hajawahi kuigiza maishani. Akampokea mtoto, akamtazama.

"Huyu hana njaa. Huyu analilia jina."

Huku kwetu mtoto akilia bila sababu, anaitiwa majina ya marehemu, moja moja. Akinyamazia moja, ndilo lake, hakuna kubisha. Kamera inaendelea, yule mama akaanza kuita. La kwanza, kilio. La pili, kilio. La tatu, sauti ya mtoto ikaanza kushuka. Hapo ndipo nikashtuka: anaita watu wa ukoo wake!

Niliruka kochi.

"Mama, acha! Usimpe mwanangu marehemu wako!"

"Kwani wa kwenu wako wapi? Si ninakusaidia?"

"Wapo!"

Nikamnyakua mtoto, ndara moja mguuni, nikamwita jina la babu yangu mzaa mama, mvuvi wa Rukuba. Alifariki nikiwa na tumbo la miezi minane, na hakuniulizaga hata siku moja mimba ni ya nani.

Mtoto akanyamaza. Kimya kabisa. Halafu akacheua begani kwangu.

Mama wa Butiama akapiga vigelegele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Na mimi, niliyekuwa nimenuna tangu asubuhi, nikacheka hadi nikakaa chini.

"Safi sana!" dairekta anafuta machozi. "Turudie. Ila mama mtoto, vaa ndara zote mbili."

"Turudie nini? Jina haliitwi mara mbili."

"Mwache, baba," mama wa Butiama akamwambia. "Ameshapata mtu wake."

Wiki mbili baadaye upande wa baba wakafika, wamebeba kuku na jina lao. Kuku tulimpokea.