Wimbo ya mapasa mu viyolo ya muzungu

Mapasa yangu balizaliwa pale Baraka, kando ya ziwa, wakati ya mvua, Babeleji bangali banatawala hapa. Batoto bawili mu tumbo moja, banaume bote. Mukubwa alikuwa analia kama padri anaita bantu ku misa. Mudogo hakulia, alikuwa anakohoa tu, kidogo-kidogo, kama mugeni anabisha hodi na haya. Muganga wa dispansere aliniambia nisimutoshe inje mpaka kifua ikauke, nimulaze karibu na moto.

Mama mukwe yangu alikubali, juu kwabo mapasa habatoke ovyo. Ye mwenyewe alizaa mapasa. Iko wimbo yao. Mama mwenye alitangulia kuzaa mapasa njo anakuja kuiimba pa mulango yako, siku anaona batoto beko na nguvu. Ikishaimbwa, unabeba bote bawili, unabaonyesha ziwa mbele jua ilale. Ukichelewa, alikuwa anasema, mumoja atatoka ye peke yake. Hakuna mwenye aliuliza anatoka kwenda wapi. Tulijua.

Basi tukakaa. Mi mu nyumba na moshi, ye inje anatwanga muhogo.

Asubui moja, ile wimbo ikaanza.

Haikutoka mu kinywa ya muntu. Ilitoka ku misioni ya Baprotestanti, nyuma ya lupango, uzio ya nyumba yetu. Kulikuwa kumefika muzungu mupya, murefu, magoti imeungua na jua. Ukimuita Muingereza anakasirika: "Hapana Ingereza. Mimi Skotilandi." Sisi hatukuona tofauti, lakini kila muntu na matata ya kwabo. Alikuwa na viyolo, kile kinanda anafinya chini ya kidevu, anaisugua na kijiti kama muntu anakata kamba. Na ile kitu ikawa inasema ti-ri-ri, ti-ri-ri, mbio, kama mbuzi inashuka mulima. Pahali wimbo yetu inapanda, ya kwake inapanda. Pahali bamama banapiga makofi, ye anapiga kiatu ku mbao. Mi nikashika kichwa.

Mama mukwe akaacha muchi mu kinu, akaingia. Akikasirika sauti yake ilikuwa inakauka kama samaki ndagala ya jana.

"Mama Mapasa, wimbo imeshaimbwa. Beba batoto."

Nikamuambia haikuimbwa naye, imeimbwa na mbao.

"Imeimbwa."

Na upepo ya ku rasi ya Ubwari ilikuwa inapiga, mvua inakuja juu ya ziwa. Mudogo akakohoa. Nikimutosha, kifua itamuua. Nikimuacha, wimbo itamubeba. Mi sikujua nishike wapi. Nikaomba tumuite kwanza muzungu, aseme aliitosha wapi. Kama aliikamata huku, ni yetu, nitatoka na batoto. Kama ni ya kwabo, ni kelele tu yenye kufanana. Mama mukwe akawaza, akakubali.

Muzungu akakuja na viyolo yake, na muinjilisti wa kumutafsiria. Ule muinjilisti, hata kuuliza mulilala muzuri, alikuwa anauliza kama anatangaza mwisho ya dunia. Bakasimama pa mulango, mi ndani na batoto ku mapaja.

Mama mukwe akamuuliza: "Baba, ile wimbo uliiba kwa nani?"

"Hapana iba. Babu yangu."

Babu yake alipata wapi? Kwa fundi mwenye kushona nguo, jicho moja, aliitunga ku ndoa ya muntu. Muzuri, nikapumua. Lakini akaendelea: shangazi yake alisema ule fundi ni mwongo, wimbo ilikuja na bantu ya ngambo, benye kuvuka maji kuchimba viazi. Tena bengine kwabo banasema hapana, ni soda mumoja, askari, aliirudisha toka ku vita. Vita gani? Hajui. Inchi gani? Hajui.

Soda. Mi nikavuta batoto karibu, juu basoda ya bazungu balipita huku pia, vita ya Badeshi, bale Bajerumani, mama mukwe akiwa mutoto mwanamuke; labda njo ule aliikamata hapa. Nikamuuliza toka ndani: na weye, mama, nani alikufundisha?

"Mama ya bwana yangu."

Na ye?

"Bantu ya Makobola."

Na bale ya Makobola? "Usinihoji kama niko muzungu."

Sasa hakuna mwenye alijua kitu. Muzungu anahesabu ku vidole, babu, fundi, shangazi, soda, anarudia ku babu. Swahili ikamuishia, akaingia mu luga yake, maneno murefu, haiishi. Na akisema hakuangalia mama mukwe. Aliangalia ndani, kwenye moshi, kwenye mudogo alikuwa anakohoa.

Muinjilisti akangoja, akasafisha koo.

"Anasema wimbo iko na jina. Inaitwa Kuku ya Bibi Imeruka Lupango."

"Kuku?" mama mukwe akauliza.

"Kuku."

"Basi iite kuku. Ya mapasa haiko na kuku." Akarudia ku kinu yake.

Mvua ikanyesha. Mudogo akakaa pa moto mpaka kifua ikakauka, kisha mama mukwe akaimba ye mwenyewe pa mulango, nikabaonyesha ziwa. Muzungu alisimama ku lupango na viyolo yake. Muinjilisti alimushika mukono asipige.

Nyuma, Swahili yake ilipokomaa, nilimuuliza muzungu juu ya ile kuku.

"Kuku gani, mama?"

Nikaenda kwa muinjilisti. "Mi natafsiri tu," ananiambia, na sauti ya Ufunuo.

Nikaenda kwa mama mukwe, eko anatwanga. Nikamuuliza kama kweli aliamini ile maneno ya kuku. Hakuinua kichwa.

"Na weye, ulitaka nisiamini?"