Mishipa Inayoitikia Shikamoo

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki hapa Dodoma, nusu usingizini, nikitazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Mbele yangu mzee mmoja wa Mlali alikuwa akipimwa presha.

"Babu, usiongee nikikupima," muuguzi alimwambia.

Wanafunzi wakapita mlangoni. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu."

Kipimo kikasoma juu. Muuguzi akafunga mlango, akasubiri, akapima tena mzee akiwa haongei. Bado juu. Ndipo akaona kiganja cha mzee hakibanduki shavuni, akamwomba afungue kinywa.

"Fizi zimevimba tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Uvimbe wa muda mrefu unamwaga kemikali kwenye damu, babu. Zinazunguka mwili mzima, na zinaweza kuifanya mishipa ikakamae. Huenda nazo zinachangia presha hii. Dawa ya presha utapata, ila fizi zitibiwe."

Mzee akafumba macho, kama anayesikiliza treni ikiwa bado mbali, huko stesheni ya Zuzu.

"Kumbe mimi nikinyamaza," akasema taratibu, "mishipa inaendelea kuitikia."

Sasa mtu akiniambia nitulie tu, presha itashuka yenyewe, namuuliza kwanza ni nani anayepiga hodi huko ndani.