Kichupa Ndani ya Soksi

Sisi tuliotoka Unguja tukaja Maskati tuna tabia moja: mtu akisafiri, hubebeshwa. Nipelekee kimzigo hichi kwa dada, nifikishie hichi kwa wifi. Na kimzigo cha mtu hakifunguliwi. Ukikifungua umemvunjia heshima. Basi mie mwaka juzi niliporudi kutoka Uingereza nilikuwa na soksi nene ya sufi iliyofungwa fundo, mama mdogo kanipa nimpelekee dada yake, yaani mama yangu. "Kichupa cha mafuta," aliniambia. Sikuuliza ya nini.

Mama alikuwa na maradhi ya mshipa wa uso. Usiombe yakukute. Upepo wa kiyoyozi ukimgusa shavu la kulia, anaruka kama kapigwa na umeme. Ushungi akiuvaa kwa kuushikilia mbali na uso. Chakula chake uji, au wali uliopondwa. Vidonge vya daktari bingwa vilimpunguzia kidogo, lakini vikamfanya apepesuke, akawa hatembei bila ya kushika ukuta. Na kubwa kuliko yote, hakuna aliyeweza kumbusu. Binti yangu wa miaka mitano tulimfundisha kumpungia bibi yake mkono kutoka mlangoni. Ikiniuma sana ile.

Nikamkabidhi soksi yake, nikarudi kwangu Al Amerat. Ijumaa ya tatu tulipokwenda kula kwake, nikamkuta anatafuna sambusa. Anatafuna kwa upande wa kulia! Kabla sijasema kitu, mwanangu kamrukia, kambusu shavu lile lile. Nikapiga ukelele. Mama akacheka.

"Muache," akasema. "Nipe tena, mjukuu wangu."

Nikatoka nje kumpigia simu mama mdogo nimshukuru, machozi yananitiririka. "Mafuta gani haya? Nambie jina lake niyatafute huku."

"Huko kwenu huyapati," akajibu. "Ya bangi hayo. Daktari wangu ndiye anayenipa, kwa hii miguu yangu inavyokakamaa. Kwani mamako hakukwambia?"

Lo! Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Bangi! Mie, mfanyakazi wa wizara, mama wa watoto watatu, nimepita na bangi forodhani, mkoba wangu umeingia kwenye mashine na kutoka, askari ananikaribisha kwa hamdillah ala salama na mie namchekea! Nchi hii mtu hafungwi siku mbili kwa jambo kama lile. Ningeozea ndani.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa peke yake, anaosha vikombe.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Hakujifanya haelewi. "Nlijua. Mie ndo nlomuomba."

"Ukanibebesha mie? Mwanao?"

"Weye mtu wa heshima. Nlijua hawatokushuku." Akafuta mikono, akaniangalia. "Nlishachoka, mwanangu. Kila siku nkimuomba Mungu anichukue. Maumivu yale yangenambia nikutie motoni, ningekutia. Ndo nshakutia."

Sijapata kukasirika vile maishani mwangu. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, Mwenyezi Mungu anisamehe, na wanangu wako chumba cha pili wanasikia. Kisha nikakitafuta kichupa, nikakikuta kwenye kabati chini ya kanga zake, nikakishika kwa ncha za vidole. Nikamwaga chooni. Nikavuta maji mara tatu. Hata ile soksi niliifua kwa sabuni, sijui kwa nini.

Mama alikuwa kasimama mlangoni. Hakunizuia. Aliniuliza tu, "Yote?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye vikombe vyake.

Ijumaa mbili hatukwenda. Nilisingizia kazi, lakini hasira zilikuwa hazijanitoka. Ya tatu tukaenda. Wali ulikuwa umepondwa, kiyoyozi kimezimwa, nyumba nzima joto. Mama kakaa kwenye kiti chake, ushungi kaushika mbali na uso. Mwanangu akavua viatu mlangoni, akakimbia moja kwa moja kwa bibi yake. Nikawahi kumdaka mkono.

"Muache," mama akasema.

Alikuwa keshafumba macho, mikono kaikaza kwenye kiti, na shavu la kulia kalitega.